Wanawake wa usukani: Kutoka njia ya misafara ya Tabora hadi Safari Rally

MASHINDANO ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na tangu wakati huo hakuna mwanamke aliyewahi kuyashinda kwa jumla. Mara tatu wanawake wamesimama katika nafasi ya tatu: Anne Hall mwaka 1961, Pat Moss mwaka 1962 na Michèle Mouton mwaka 1983. Wote watatu walitoka Ulaya. Wanawake wa Afrika Mashariki wenyewe, kuanzia Orie Rogo Manduli wa Kenya mwaka 1974 hadi Susan Muwonge wa Uganda na Maxine Wahome wa Kenya katika karne hii, walikuja baadaye, na mbele yao lilikuwapo swali ambalo dereva mwanamume haulizwi: nani amekupa gari?

Swali hilo ndilo la msingi katika makala haya. Ili kulielewa, inafaa kuanzia mbali na Nairobi. Inafaa kuanzia Tabora, kwa sababu barabara za nchi hizi hazikuanza na lami wala na gari, na wanawake walizisafiri muda mrefu kabla ya kushika usukani.

Njia kabla ya injini

Tabora ilikuwa mji wa wasafiri. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa na kuvuka nchi ya Ugogo, iligawanyika hapo: mkono mmoja ulikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, mwingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, kama sehemu hiyo ilivyoitwa wakati ule, Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Pembe za ndovu na watumwa vilishuka kwa njia hiyo. Nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki vilipanda. Huko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lipo tembe la makumbusho linalokumbusha kukaa kwa Livingstone mwaka 1872, na njia nzima imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006.

Msafara ulikuwa na utaratibu ambao mpenzi wa mbio za magari atautambua mara moja. Mbele alikwenda kirangozi, mtu aliyeijua njia, visima na vijiji vya kununulia chakula, na mpagazi hakupaswa kumpita. Nyuma yake walifuata Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani zaidi ya kilo 30. Vijana wa Unyamwezi waliona kwenda pwani na kurudi kuwa ni sehemu ya kukua, na asiyewahi kufika huko alionekana bado mtoto. Wanawake nao walikuwamo: wake wa wapagazi waliobeba vyungu, chakula na watoto, na wengine waliobeba mizigo kwa malipo. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya huwataja kwa mstari mmoja mmoja, tena bila majina.

Mwanamke aliyeacha maelezo yake mwenyewe ni Annie Hore, mke wa nahodha Edward Coode Hore wa Chama cha Misioni cha London. Jaribio lake la mwanzo la kwenda bara halikufanikiwa. Baadaye alisafiri tena akiwa na mtoto wake mchanga, Jack, naye akafika Ujiji Januari 1885 baada ya siku zipatazo 90. Chombo alichotumia kilikuwa kiti cha magurudumu kama kile walichotumia wagonjwa wa Uingereza. Magurudumu hayakuwa na kazi kubwa katika njia ya mguu mmoja. Kiti kilifungwa kwenye miti na kubebwa na wapagazi kwa zamu, mbio mbio, kwa namna iliyomtikisa kuliko treni yoyote. Kitabu alichochapisha mwaka 1886 kinaweza kusomwa leo kama kumbukumbu ya kwanza ya mwanamke aliyehesabu siku, vituo na mwendo katika njia hii. Siku 90 hadi Ujiji zilikuwa mwendo mkali kwa zama zile, kwani Burton alitumia siku nyingi zaidi kufika Tabora peke yake.

Gari lilikuja baada ya hapo. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililojengwa Gaggenau, akaelekea Ziwa Tanganyika na hatimaye kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ilichukua karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo gari lilisubiri vipuri au lilivutwa na watu. Haishangazi kwamba serikali ya Kijerumani iliweka fedha zake kwenye reli badala ya barabara. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kuanzia hapo mji ukawa wa treni. Wapagazi wakakosa kazi, na njia ya zamani ikabaki na miembe iliyopandwa na watu wa misafara.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, halisemwi vya kutosha. Reli iliinusuru Tabora na upweke, lakini pia iliifanya ichelewe kupata barabara. Arusha, Moshi, Iringa na Mbeya zilipata magari, gereji na mafundi kwa sababu mashamba na biashara zake zilitegemea lori. Tabora ilitegemea behewa. Mchezo wa magari huota mahali palipo na gereji.

Wanawake wawili wanastahili kutajwa kabla hatujafika kwenye mashindano yenyewe. Stella Court Treatt, mzaliwa wa Afrika Kusini, na mumewe Chaplin waliondoka Cape Town Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, wakapita Tanganyika na kufika Cairo Januari 1926. Walikuwa wa kwanza kukamilisha safari hiyo kwa gari. Wa pili ni Eva Dickson wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1905, rubani na dereva wa mashindano kwao. Mwaka 1932 aliendesha gari kutoka Nairobi hadi Stockholm na kuwa mwanamke wa kwanza kuvuka jangwa la Sahara kwa gari. Mwaka 1936 aliolewa na Bror Blixen, mwindaji maarufu wa Kenya na Tanganyika. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya gari karibu na Baghdad, akirudi kutoka katika jaribio la kuifuata njia ya kale ya misafara ya hariri hadi China. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi.

Magari ya kawaida katika barabara mbaya

Safari ilizaliwa kutokana na mazungumzo ya ndugu wawili wa Nairobi, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Vincent hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanja mmoja. Alitaka mashindano ambayo mtu hufunga mlango wa gari, huvuka nusu ya Afrika na kurudi, na anayetangulia kufika ndiye mshindi. Wazo la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria, likaachwa kwa sababu barabara za upande wa Tanganyika zisingepitika wakati wa mvua. Mji kama Tabora, ulio kusini zaidi ya ziwa, ukakosa nafasi yake ya kwanza hapo hapo.

Mashindano yalifanyika kati ya Mei 27 na Juni 1, 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakihusisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa bei zake, si kwa ukubwa wa injini. Hakukuwa na mshindi wa jumla mwaka huo. Mpango huo wa kutumia magari ya kawaida ndio uliowafungulia mlango watu wasio na timu za viwanda: mkulima, mwenye duka, fundi, na pia mwanamke aliyekuwa na gari la familia.

Msomaji ambaye hajawahi kuyaona mashindano ya zamani anaweza kudhani kuwa yalikuwa mbio tu. Sivyo. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu. Barabara hazikufungwa, dereva alikutana na basi, ng'ombe na baiskeli. Msoma ramani aliyekaa kando ya dereva alikuwa kirangozi wa msafara huo wa watu wawili: ndiye aliyehesabu kilomita, kutangaza kona na kushika saa. Kwa kuwa mashindano yalizoea kufanyika wakati wa Pasaka, masika yalikuwa yameanza, na mwaka mmoja vumbi, mwaka mwingine matope, viliamua matokeo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalimaliza saba tena. Sifa iliyotakiwa zaidi ilikuwa kulitunza gari: kujua lini kukanyaga mafuta na lini kuyaachia ili springi na shokapu zifike mwisho wa safari. Mikono yenye nguvu ilisaidia wakati wa kuchimba matope, lakini kwa kazi hiyo hata madereva wanaume walitegemea wanakijiji waliosimama kando ya barabara.

Katika hali hiyo Anne Hall, Mwingereza aliyekuwa dereva wa kampuni ya Ford, alimaliza wa tatu mwaka 1961 kwa gari la Ford Zephyr. Kando yake alikuwapo Lucille Cardwell, mkazi wa Kenya, ambaye aliendelea kuonekana katika mashindano ya nchi hizi. Mshindi alikuwa John Manussis katika Mercedes-Benz 220SE. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa gari lenye wanawake watupu kuwa miongoni mwa matatu bora, na vigumu kusema kuwa ilikuwa bahati, kwa sababu mwaka uliofuata jambo hilo lilijirudia.

Pat Moss alizaliwa mwaka 1934 katika nyumba ya magari. Baba yake, Alfred, aliwahi kushindana Indianapolis mwaka 1924, na kaka yake Stirling alikuwa mmoja wa madereva mashuhuri duniani. Mwaka 1960 Pat alishinda mbio ngumu za Liège-Rome-Liège kwa Austin-Healey 3000, akiwashinda wanaume wote. Alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1962 alipewa Saab 96, gari dogo lenye injini ya mipigo miwili na silinda tatu, isiyofika hata lita moja. Msoma ramani wake alikuwa Ann Riley, rafiki yake wa miaka mingi. Walikuwa wakiongoza mashindano hadi walipogonga mnyama wa porini aliyevuka barabara. Gari liliharibika, wakaendelea, wakamaliza wa tatu. Mshindi alikuwa Tommy Fjastad kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe.

Inafaa kusita hapa kidogo. Magazeti ya zama zile yalizoea kuandika habari za madereva wa kike katika ukurasa wa mitindo, na mashindano mengi yalikuwa na tuzo ya pekee ya wanawake. Tuzo hiyo ilileta fedha na matangazo, na bila hiyo wengi wasingelipiwa safari. Lakini pia iliwafanya watazamaji waamini kuwa wanawake wanashindana wao kwa wao, huku wanaume wakishindania kombe lenyewe. Pat Moss alikuwa bingwa wa wanawake wa Ulaya mara tano, na nusura gari lake la injini ndogo liwe la kwanza katika mbio zilizoogopwa kuliko nyingi duniani. Ni lipi kati ya hayo mawili lilipaswa kuandikwa kwanza?

Orie na mwaka 1974

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamepata sura mpya. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka uliofuata alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye angeshinda mara nne mfululizo kati ya 1979 na 1982. Mke wake, Yvonne, alikuwa msoma ramani wake katika mashindano mengi ya kimataifa, na jina lake halikupata nafasi inayolingana na kazi aliyofanya. Mwaka 1974 jina la mashindano likafupishwa kuwa Safari Rally na njia yake ikabaki ndani ya Kenya. Safari za kuvuka mpaka zilikuwa zimekwisha, miaka mitatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika mwaka 1977.

Ni katika mashindano hayo ya 1974 ambapo Orie Rogo Manduli, mwanamke mweusi wa Kenya, alijipanga kwenye mstari wa kuanzia. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushiriki Safari. Alizaliwa mwaka 1948, akasomea ualimu, akawahi kuwa malkia wa urembo wa Kenya, na baada ya siku za magari aliingia katika siasa na mashirika ya kiraia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliongoza Baraza la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali la Kenya, kipindi kilichojaa mabishano ambayo wasomaji wa Nairobi hawajayasahau. Alifariki Septemba 2021.

Waandishi wengi hutaja kilemba chake kabla ya kutaja usukani. Huo ni uonevu mdogo. Mwaka 1974 dereva Mwafrika mweusi, awe mwanamume au mwanamke, alikuwa mgeni katika mchezo uliotawaliwa na Wazungu na Wahindi wenye gereji na makampuni ya kuuza magari. Mshindi wa mwaka huo, Joginder Singh, ni mfano mzuri: alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata kwa Volvo kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe pamoja na ndugu yake. Orie hakuwa na gereji wala kaka bingwa. Kuanza tu kulikuwa kazi.

Mouton na Audi

Mwanamke aliyekaribia zaidi kutawala mchezo huu duniani alipita Kenya mwaka 1983. Michèle Mouton alizaliwa Grasse, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1951. Aliingia katika mashindano akiwa msoma ramani, na baba yake ndiye aliyemwambia kwamba kama anataka kweli kushindana, aendeshe mwenyewe. Akamnunulia gari na kumpa mwaka mmoja wa kujithibitisha. Mwaka ulitosha.

Mwaka 1981 alijiunga na Audi, iliyokuwa imeleta gari la Quattro lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Mwaka huo huo, akiwa na msoma ramani wake Muitalia Fabrizia Pons, alishinda mbio za Sanremo na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya Ubingwa wa Dunia wa Rally. Ari Vatanen wa Finland, aliyeripotiwa kusema kabla ya hapo kwamba hawezi kushindwa na mwanamke, alimaliza nyuma yake. Mwaka 1982 Mouton alishinda Ureno, Ugiriki na Brazil, akabaki akigombania ubingwa na Mjerumani Walter Röhrl hadi raundi ya Ivory Coast. Muda mfupi kabla ya mbio hizo kuanza alipata habari ya kifo cha baba yake. Aliendesha. Aliongoza kwa muda mwingi, kisha giaboksi ikaharibika, na baadaye akapata ajali. Röhrl akawa bingwa, Mouton wa pili.

Miezi michache baadaye alikuja katika Safari. Audi ilikuwa na nguvu kubwa lakini haikuwa imezoea kilomita maelfu za Afrika. Matokeo yalikuwa na kejeli yake: Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400, gari la magurudumu mawili ya kusukuma, Mikkola akawa wa pili kwa Audi, na Mouton wa tatu. Alipata nafasi ile ile ya Hall na Moss, miaka 21 baada ya gari la mwisho la wanawake kufika huko.

Mouton aliendelea kushinda mahali pengine, ukiwamo mlima wa Pikes Peak huko Marekani mwaka 1985, ambako aliweka rekodi. Aliacha baada ya magari ya kundi lake kupigwa marufuku mwaka 1986. Baadaye alikuwa rais wa kwanza wa tume ya wanawake ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA.

Karne hii

Safari iliondolewa katika Ubingwa wa Dunia baada ya mwaka 2002. Kwa wanawake wa Afrika Mashariki, kuondoka kwa timu kubwa hakukuwa hasara tupu. Mashindano ya kitaifa yalibaki mikononi mwa wenyeji, na gharama zikashuka kiasi cha mtu binafsi kuweza kuota.

Uganda ndiyo iliyotoa jibu la kwanza. Mwaka 2011 Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo nchini humo. Tofauti na nafasi ya tatu za wale wa Ulaya, huu ulikuwa ubingwa wa msimu mzima, uliopatikana kwa kumaliza mbio moja baada ya nyingine dhidi ya wanaume wenye magari yanayolingana na lake. Mashabiki wa Kampala walimwita kwa jina la heshima, na wasichana wakaanza kuonekana zaidi katika maegesho ya magari ya mashindano wakiwa na spana mkononi. Ukimuuliza mwandishi wa makala haya ni tukio gani lina uzito zaidi katika historia hii yote, atataja hilo.

Kenya ilirudi katika Ubingwa wa Dunia mwaka 2021, mashindano yakiwa na makao yake Naivasha. Katika Safari ya Juni 2022 Maxine Wahome, akiendesha Ford Fiesta ya daraja la tatu na kuongozwa na Murage Waigwa, alishinda kundi la WRC3. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio katika kundi hilo. Magari hayo yalitolewa kwa vijana chini ya mpango wa FIA wa kukuza vipaji, jambo linalotupeleka moja kwa moja kwenye swali la mwanzo.

Tazama majina yaliyotajwa. Pat Moss alikuwa na baba na kaka. Mouton alikuwa na baba aliyelipa. Maxine Wahome ni binti wa Jimmy Wahome, naye dereva wa mashindano. Wakenya wanamjua pia Natasha Tundo, wa ukoo wa Carl Tundo aliyeshinda Safari mara kadhaa. Mwanamke huingia katika mchezo huu kupitia mlango wa nyumbani, kwa kuwa gari, fundi na vipuri tayari viko uani. Wanaume wengi nao huingia hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mvulana asiye na ndugu dereva anaweza kuanzia gereji ya jirani kama mwanafunzi wa ufundi, na msichana mara nyingi hufukuzwa hapo kabla hajashika spana. Mpango wa kumpa kijana gari na mwalimu unaruka kizuizi hicho chote, na matokeo ya 2022 yanaonesha kuwa kizuizi hakikuwa kipaji.

Tanzania haikosi mashindano. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho mwakilishi wa FIA nchini, na mbio za nchi hii zimewahi kuhesabiwa katika Ubingwa wa Afrika. Iringa ina mashindano yake ya Mkwawa. Arusha, Tanga na Morogoro nazo zina mashabiki wa siku nyingi. Ramani hiyo ni karibu ile ile ya miji ya lori na mashamba iliyotajwa hapo juu. Upande wa magharibi, kuanzia Itigi hadi Kigoma, ni mweupe.

Kwa mtazamo wa dereva upungufu huo ni wa ajabu, kwa maana nchi ya Tabora ina karibu kila kitu ambacho mpanga njia hutafuta. Mvua zake huja kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, hivyo vumbi na matope vinaweza kupangiwa tarehe. Barabara za msitu wa miombo ni za mchanga mwekundu, zimenyooka kwa kilomita nyingi, kisha zinashuka ghafla katika mbuga za udongo mweusi ambao ukilowa hung'ang'ania gurudumu mpaka gari likae kwa tumbo. Kutoka Sikonge kuelekea Mpanda, au kutoka Urambo kwenda Kaliua, dereva hukutana na hali zote hizo kwa siku moja. Kinachokosekana ni mafundi wa kutosha wa magari ya mashindano, hoteli za timu na wafadhili wanaoamini kuwa kuna watazamaji.

Lami, kwa upande wake, imefika. Katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020 Tabora iliunganishwa na Nzega, na Mpanda, na reli yake ya zamani ikapata barabara inayokwenda sambamba nayo kupitia Itigi. Kipande kilichochelewa ni kile cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilichojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait. Mwanamke anayeendesha gari lake kutoka Manyoni asubuhi hupita hapo kabla ya saa sita mchana, akiifuata kwa sehemu kubwa nchi ile ile ambayo wapagazi wa Annie Hore waliivuka kwa wiki kadhaa wakiwa na kiti mabegani.